Sema Ulichokiona: Serahangi Mstaafu Ajibu Barua Zenu

Barua za mwezi huu zilikuwa nyingi, na karibu nusu yake zinanigombeza. Nimechagua tano. Kwa wasomaji wapya: mimi ni mtu wa Mombasa, nimekaa baharini miaka thelathini na mmoja. Nilianza kwa kusugua sitaha, nikastaafu nikiwa serahangi, yaani mkuu wa mabaharia wa sitahani. Siasa za dunia nilizipitia kwanza kwa meli, kusoma habari zake kulikuja baadaye.

*Mzee, shikamoo. Kila mwezi unajiita mhafidhina. Hapa chuoni tunaambiwa mhafidhina ni mtu anayepinga maendeleo, na kwamba wahafidhina wa Marekani na Uingereza hawatupendi sisi Waafrika. Inakuwaje mzee wa Kiislamu wa Mombasa awaunge mkono?*
Mwanafunzi, Eldoret

Marahaba, mwanangu. Kwenye jahazi kuna kitu kiitwacho farumi. Ni mawe au mchanga unaotiwa ndani ya chombo kisipokuwa na shehena, kisije kikapinduka. Mtu asiyejua bahari akipanda jahazi tupu, atauliza kwa nini tumebeba mawe yasiyouzika. Mimi ni yule anayesema mawe yaachwe hapo mpaka tujue nani aliyatia, na alikutana na dhoruba gani. Ndoa, ibada, mipaka ya nchi, adabu kwa wazee, jeshi lililo tayari, sheria isiyogeuzwa kwa kelele za wiki moja: hizo ndizo farumi zangu.

Kadi ya chama cha mtu sina. Nakubaliana na wahafidhina wa Magharibi katika mambo mawili. La kwanza, amani hukaa palipo na nguvu ya kuilinda. La pili, habari kubwa za ulimwengu zinaandikwa na watu waliosoma vyuo vilevile, wanaoishi mitaa ileile na kuogopa kuchekwa na wenzao walewale. Pale wanapomtazama mhamiaji kama mwizi, hapo siko nao. Nimeshuka ugenini katika bandari zaidi ya arobaini, na mara nyingi nilipewa maji kabla ya kuulizwa jina.

*Assalamu alaykum, Mzee. Toleo lililopita uliwaita Wahouthi maharamia. Hao ndio Waarabu pekee waliosimama na Gaza kwa vitendo wakati wengine wanatoa matamko. Unatumia maneno ya Wazungu. Umelipwa na nani?*
Msomaji, Kisauni

Wa alaykumu salaam. Sijalipwa na mtu. Gaza inaniuma kama inavyokuuma wewe, na watoto waliokufa kule sitawatafutia maneno ya kuwapunguza. Tunapoachana ni pale unaposema kusimama na Gaza ni kumpiga baharia.

Tarehe 19 Novemba 2023 Wahouthi, wapiganaji wa Yemen, walishuka kwa helikopta juu ya Galaxy Leader, meli ya kubebea magari, wakaipeleka pwani ya Yemen. Ni kweli kwamba umiliki wake ulikuwa na uhusiano na tajiri wa Israeli. Lakini melini walikuwamo watu 25: Wafilipino, Wabulgaria, Waukraine, Waromania na Wameksiko. Mwisraeli hakuwamo hata mmoja. Walishikiliwa hadi Januari 2025, miezi kumi na minne, na katika muda huo watu walipelekwa kwa mashua wakaitazame meli na kupiga picha sitahani, kama watalii wa Fort Jesus. Nimewahi kulala kwenye vyumba vya meli za namna ile. Najua ukubwa wa kitanda, najua dirisha linavyotazama kontena au ukuta. Sikuweza kuzitazama picha zile.

Tarehe 6 Machi 2024 kombora liliipiga True Confidence katika Ghuba ya Aden. Wakafa watatu, Wafilipino wawili na Mvietnamu mmoja. Hao ndio mabaharia wa kwanza kuuawa katika mashambulizi hayo. Nani kati yao alitupa bomu Gaza?

Sasa tazama shehena. Februari 2024 waliipiga Star Iris, iliyobeba mahindi kutoka Brazili kwenda Iran. Narudia, Iran, nchi inayowapa wao silaha. Wiki moja baadaye wakaipiga Sea Champion, iliyokuwa ikipeleka nafaka Aden, kwa Wayemeni wenzao. Siku hizohizo wakaipiga Rubymar yenye mbolea tani 21,000 hivi. Ilielea siku kadhaa ikivuja, ikazama tarehe 2 Machi. Na mara ngapi nilisoma kwenye magazeti makubwa kwamba zinapigwa "meli zinazohusiana na Israeli", bila neno la kumtahadharisha msomaji, kana kwamba msemaji wa Wahouthi ni karani wa bandari? Mwandishi aliyeko ofisini London ni shida kujua kwamba mwenye meli, mwendeshaji wake, aliyeikodi na nchi ya bendera inayopepea tezini wanaweza kuwa watu wanne tofauti. Meli huwa ya Mgiriki, bendera ya Liberia, imekodiwa na Mwitaliano, mzigo wa Mmisri, na jikoni yuko Mkenya. Ukitafuta uhusiano na Israeli katika mnyororo huo, siku yoyote utaupata ukitaka.

Mmisri huyo nimemtaja makusudi. Misri ndiyo jirani wa Gaza, ndiko kiliko kivuko cha Rafah. Mapato ya Mfereji wa Suez yalikuwa zaidi ya dola bilioni 10 mwaka 2023. Mwaka 2024 yakashuka hadi kama bilioni 4. Fedha hizo zilikuwa za Waislamu. Na huku kwetu, mkulima wa parachichi Murang'a alivuna tunda lililotakiwa kupanda Bahari ya Shamu hadi Ulaya, likazungushwa Rasi ya Tumaini Jema. Parachichi ndani ya kontena lina siku zake, zikipita limeharibika. Mkulima huyo hakuna aliyemwita studio.

Unaniuliza kuhusu neno maharamia. Mwaka 2010 nilikuwa kwenye meli ya nafaka tukija nyumbani kupitia Ghuba ya Aden. Tulizungusha nyaya za wembe kando zote, tukafunga mipira ya maji ya kuzimia moto iwe tayari, tukavisha sanamu za matambara ovaroli na kuzisimamisha sitahani zionekane ni walinzi. Chumba cha mashine tulikifanya ngome ya kujifungia ndani. Hivyo ndivyo tulivyokuja Mombasa na ngano ya kuwalisha watu. Mwaka uliofuata, 2011, Ofisi ya Kimataifa ya Bahari ilihesabu mashambulizi 237 ya maharamia wa Kisomali. Mwaka 2013 yalikuwa 15. Hakuna mkutano wa hotelini ulioleta badiliko hilo. Zilikuja manowari za Ulaya, Marekani, India, hata China. Wenye meli wakaruhusiwa kuweka walinzi wenye bunduki, na waliokamatwa wakaletwa hapahapa, wakahukumiwa, wakafungwa Shimo la Tewa. Meli yenye walinzi wa bunduki haikutekwa hata moja miaka ile. Halafu watu wakaona hatari imekwisha. Tarehe 1 Januari 2023 bahari ile ikafutwa katika ramani ya hatari kubwa. Disemba mwaka huohuo, manowari zikiwa zimegeukia Wahouthi, Wasomali wakaiteka Ruen, na ikabidi jeshi la majini la India liikomboe Machi 2024.

Kwa hiyo nikisema amani hutaka nguvu, nasema nililolipima kwa usingizi wangu. Januari 2021, siku za mwisho za Trump awamu ya kwanza, Marekani iliwaweka Wahouthi kwenye orodha ya magaidi. Mwezi uliofuata utawala wa Biden ukawaondoa, ukisema orodha hiyo itazuia chakula cha msaada kuingia Yemen. Nia hiyo siidharau, njaa ya Yemen ilikuwa ya kweli. Lakini walifunguliwa bila kutakiwa watoe chochote, na miaka mitatu baadaye utawala uleule ukalazimika kuwarudisha orodhani wakati meli tayari zinaungua.

Na upande ninaoupenda nao nitautaja, kwa maana nikiwaficha wangu sina tofauti na ninaowalaumu. Trump aliporudi alianza kuwapiga Wahouthi kwa nguvu tarehe 15 Machi 2025. Tarehe 6 Mei akatangaza mapatano yaliyosuluhishwa na Oman. Waliacha kupiga meli za Marekani, na meli za wengine hazikuingizwa katika mapatano. Tarehe 6 Julai wakaishambulia Magic Seas, siku ya pili yake Eternity C. Zote mbili zikazama. Wa Magic Seas waliokolewa wote. Wa Eternity C waliokolewa kumi tu kati ya 25, wengine wakafa, wengine wakatekwa. Meli hiyo ilikuwa imetoka kushusha chakula cha Shirika la Mpango wa Chakula Duniani huko Berbera, Somalia. Mlinzi wa soko anayelinda duka lake peke yake, mimi simwiti mlinzi. Wahafidhina wa Washington walishangilia mapatano yale, na wiki hiyo ya Julai wengi wao walinyamaza. Walikosea.

*Mzee wangu, nimekulia na BBC. Marehemu baba alitukataza kupiga kelele saa ya taarifa ya London. Wewe kila mara unasema vyombo hivi vina upendeleo. Sasa tumsikilize nani? Na mbona marafiki zako wahafidhina ndio walioizima Sauti ya Amerika, ambayo ilikuwa ikitangaza kwa Kiswahili?*
Mwalimu, Lamu

Mwalimu, nyumba yetu ilikuwa hivyohivyo. Idhaa ya Kiswahili ya BBC ilianza mwaka 1957, na mimi nilizaliwa nikiikuta. Tarehe 1 Agosti 1982, redio ya Nairobi ilipotangaza kwamba serikali imepinduliwa, baba yangu hakuibishia wala hakuiamini. Alizungusha kitufe akatafuta London. Mtaa mzima ulikuja barazani kwetu. Kwa hiyo ninapoisema BBC nasema kama mtu anayemsema mjomba wake.

Nikueleze kwanza kisa kimoja. Katika kanuni za kimataifa za kuzuia vyombo kugongana, Kanuni ya 5 inataka kila chombo, wakati wote, kiwe na mlinzi anayetazama kwa macho na kusikiliza kwa masikio. Hata kama una rada tatu. Safari ile ya 2010 niliyoitaja, zamu ya usiku wa manane mlinzi alikuwa Mfilipino mmoja mtaratibu sana. Akaona vitone viwili vya giza upande wa kushoto, akamwambia afisa wa zamu. Afisa akasema ni wavuvi. Mlinzi akasema, wavuvi hawaji kwa mwendo ule, na hawana taa. Afisa akamwambia aandike wavuvi. Baadaye tulijua sababu: nahodha alikuwa ameamshwa mara mbili wiki ile kwa jambo lisilo kitu, akakemea, na afisa hakutaka kukemewa mara ya tatu. Yule Mfilipino alitoka mlangoni, akashuka ngazi, akaja kunigongea mimi. Nikapiga king'ora bila kumuuliza mtu. Tulipata dakika chache za kuwaingiza watu ngomeni na kuanza kuyumbisha meli kushoto na kulia. Risasi zilitoboa dirisha la jiko. Mawimbi ya kusi yalikuwa makubwa, wakashindwa kutupia ngazi yao, wakarudi.

Afisa yule hakuwa mwongo kwa tabia. Alikuwa mtu mzuri aliyejua nahodha wake anapenda kusikia nini. Chombo cha habari chenye upendeleo ninakifikiria hivyo. Watu wanadhani kuna mtu chumbani anaagiza uongo. Mara nyingi hakuna. Kuna chumba kizima cha watu wenye nahodha mmoja kichwani, na kila mmoja anaandika "wavuvi".

Tazama BBC yenyewe. Oktoba 2024, siku chache kabla ya uchaguzi wa Marekani, kipindi cha Panorama kilionyesha hotuba ya Trump ya tarehe 6 Januari 2021. Walichukua maneno mawili aliyoyasema kwa tofauti ya karibu saa nzima, wakayaunga yakawa sentensi moja, ikasikika kana kwamba anawaambia watu twende Bungeni tupigane. Alipowaambia waandamane kwa amani pakakatwa. Mwaka mzima ulipita. Novemba 2025 jambo likafichuka, mkurugenzi mkuu Tim Davie na mkuu wa habari Deborah Turness wakajiuzulu siku moja, na shirika likaomba radhi. Unaweza kumchukia Trump kadiri utakavyo, mwalimu. Lakini mtu aliyekata na kuunga mkanda ule alipitia wahariri, na hakuna aliyesema "ngoja, hivi sivyo alivyosema". Hilo ndilo linalonitisha kuliko mkasi wenyewe.

Nitakupa jingine, na hili litawauma ndugu zangu. Tarehe 17 Oktoba 2023 palitokea mlipuko katika hospitali ya Al-Ahli, Gaza. Kichwa cha kwanza cha New York Times kilisema Israeli imepiga hospitali, kwa kauli ya upande mmoja. Siku sita baadaye wahariri walichapisha tangazo wakikiri kwamba walitegemea mno madai ya Hamas bila kuweka wazi kwamba yalikuwa hayajathibitishwa. Ndani ya siku hizo sita miji mingi ilikuwa imeshaandamana. Na Oktoba 2020 kulikuwa na kompyuta ya mtoto wa Biden: gazeti la New York Post liliandika yaliyomo, Twitter ikazuia watu wasisambaze, na maafisa wastaafu 51 wa ujasusi wakatia saini barua kwamba inaelekea kuwa kazi ya Warusi. Mwaka 2022 magazeti makubwa yaleyale yalikiri kwamba baadhi ya barua pepe zilizokuwamo zilikuwa za kweli. Uchaguzi ulikuwa umepita.

Usidhani nawasafisha wa upande wangu. Fox News, runinga ya wahafidhina, ililipa dola milioni 787.5 mwezi Aprili 2023 kumaliza kesi ya kampuni ya mashine za kupigia kura, Dominion, kwa kuruhusu uongo kuhusu uchaguzi wa 2020 urushwe hewani. Ndani ya nyumba walijua ni uongo, barua zao wenyewe zilionyesha hivyo. Nao waliogopa watazamaji wao, kama afisa wetu alivyomwogopa nahodha.

Ukiniuliza umsikilize nani, mimi nasikiliza wawili wasiopendana kuhusu jambo lilelile, halafu natazama ni lipi wote wawili wamelikubali. Linachosha. Naandika kwenye daftari la hesabu: tarehe, alichosema huyu, alichosema yule. Baada ya wiki mbili narudi kutazama nani alijirekebisha na nani alinyamaza. Anayejirekebisha mbele za watu namwongezea imani, hata kama simpendi.

Sauti ya Amerika. Hapa, mwalimu, umenishika pabaya, na sitaki kuchoropoka. Tarehe 14 Machi 2025 Trump alitia saini amri ya kuipunguza idara inayosimamia Sauti ya Amerika, na kesho yake karibu wafanyakazi wote, wapatao 1,300, wakapewa likizo ya lazima. Idhaa ya Kiswahili ikanyamaza. Najua malalamiko ya wahafidhina: kwamba kodi yao ilikuwa inalipia watangazaji wanaowasema vibaya. Baadhi ya malalamiko hayo yalikuwa na haki. Lakini mwaka 1976 rais wa chama chao wenyewe, Gerald Ford, alitia saini sheria inayoitaka redio hiyo itoe habari sahihi, zisizoegemea, na zilizokamilika. Palipo na sheria nzuri iliyovunjwa, mhafidhina hudai isimamiwe. Wao walitoa farumi wakatupa baharini kwa sababu ina matope. Radio ya Kimataifa ya China inatangaza kwa Kiswahili tangu 1961 na haijawahi kupewa likizo. Wachina wana kituo chao cha runinga Nairobi tangu 2012. Mawimbi yaliyoachwa wazi hayakai wazi. Nimeshindwa kuelewa watu wanaosema China ni hatari kwa usalama wa dunia wanawezaje kukiachia kijiji kizima cha Kipini kiisikilize Beijing peke yake. Nililiandika hilo Machi ileile, na naliandika tena.

*Jambo mzee. Huku Bukavu M23 iko juu yetu tangu Februari 2025. Mukiongea usalama wa dunia, munaongea Ukraine na Gaza. Sisi hatuko watu? Waandishi wako wapi?*
Msomaji, Bukavu

Jambo, ndugu yangu. Barua yako niliisoma mara tatu. Nami ni mmoja wa walionyamaza, safu hii imeandika kuhusu Congo mara mbili tu, na nakuomba radhi.

Goma iliangukia mikononi mwa waasi wa M23 mwisho wa Januari 2025, Bukavu yenu katikati ya Februari. Tarehe 21 mwezi huo Baraza la Usalama lilipitisha azimio namba 2773 bila kura ya kupinga, likiitaka Rwanda iache kuisaidia M23 na iondoe majeshi yake. Kigali inasema inajikinga na FDLR, waasi wa Kihutu wa Rwanda walioko Congo. Juni mawaziri wa nchi hizo mbili wakatia saini mapatano ya amani Washington, na tarehe 4 Disemba marais wenyewe, Tshisekedi na Kagame, wakakutana kule mbele ya Trump. Siku chache tu baada ya hapo M23 ikaingia Uvira. Nilimsifu Trump kwa kuwakalisha mezani watu ambao Umoja wa Afrika ulikuwa unawaandikia barua. Uvira ilinirudisha chini. Wino pale haukuwa na mtu wa kuusimamia barabarani.

Tumeshaona jinsi jambo hili linavyofanywa. Mwaka 2013 Umoja wa Mataifa uliwaambia askari wa Tanzania, Afrika Kusini na Malawi, chini ya Jenerali James Mwakibolwa wa Tanzania, wapigane, wasikae tu kuhesabu maiti. Wakiwa pamoja na jeshi la Congo, Novemba mwaka huo M23 ilikuwa imeshindwa. Kilichofuata ndicho kilichoharibu: Kinshasa haikulijenga jeshi lake, ahadi kwa waliosalimu silaha hazikutimizwa, na mwishoni mwa 2021 bunduki zikarudi. Hakuna mgeni atakayewalinda daima. Askari wa Congo asiyelipwa mshahara ndiye mlango wenu ulio wazi, na nasema hivi kwa uchungu, si kwa kuwacheka.

Kuhusu waandishi: wale wa mrengo wa kushoto huja Congo kutafuta mtu wa kuhurumiwa, na wa mrengo wangu huja kutafuta madini. Migodi ya Rubaya peke yake hutoa kama asilimia 15 ya koltani ya dunia, basi utasoma makala kumi kuhusu koltani kabla ya moja kuhusu soko la Kadutu. Niandikie tena. Bei ya unga, barabara iliyofungwa, shule inayofunguliwa na isiyofunguliwa. Nitachapisha bila jina lako na bila kupunguza.

*Shikamoo Mzee. Nina miaka 23, nimemaliza mafunzo ya ubaharia. Wakala amenipatia meli ya mizigo, lakini itapita Bahari ya Shamu. Mama analia. Wakala anasema nikikataa kupita huko nitafutwa, na anataka shilingi elfu themanini za kunishughulikia. Nifanye nini?*
Kijana, Likoni

Marahaba, mwanangu. Usimpe hata shilingi moja. Mkataba wa Kazi za Mabaharia wa mwaka 2006, ambao Kenya imeuridhia, unakataza baharia kutozwa ada ya kutafutiwa kazi. Unachoweza kulipia ni pasipoti, kitabu chako cha ubaharia na cheti cha daktari. Mimi nililipa nilipokuwa na umri wako, wakala akapotea na fedha za ng'ombe wawili wa babu.

La pili. Omba uone mkataba wenyewe kabla ya kutia saini, utazame kama uko chini ya makubaliano ya ITF, shirikisho la kimataifa la vyama vya wafanyakazi wa uchukuzi. Kwa meli zilizo chini ya makubaliano hayo, sehemu ya kusini ya Bahari ya Shamu imetangazwa kuwa eneo la vita. Maana yake una haki ya kukataa kuingia, ukarudishwa nyumbani kwa gharama ya kampuni, na usifukuzwe kwa hilo. Ukikubali kuingia, unaongezwa sawa na mshahara wako wa msingi kwa siku za huko, na fidia ya kufa au kulemaa huwa mara mbili. Wakala anayekwambia utafutwa ama hajui kazi yake au anakudanganya. Kama meli haiko chini ya makubaliano hayo, basi huna kinga hiyo, na ushauri wangu ni uingoje nyingine.

Hapa Mombasa yuko mkaguzi wa ITF. Mwendee ukamwonyeshe karatasi. Ukipenda nipitie mimi kwanza, mhariri ana namba yangu. Siku za Jumamosi baada ya alasiri niko barazani. Njoo na mkataba wenyewe, usije na picha ya simu, nami nitausoma wote mbele yako. Na mama aje naye, nina maneno ya kumwambia kuhusu zamu ya usiku.